Magunia Manne: Siku Sita Kati ya Nakuru, Busia na Chepkube

Siku ya kwanza, Jumapili

Aliyenitoa Nakuru ni broka wangu wa maharagwe. Miaka 9 nimeuza nafaka kwenye kibanda changu, na miaka yote hiyo maharagwe ya Uganda yamenifikia mlangoni kwa lori, bei ikiwa imeshaamuliwa na watu nisiowajua. Safari hii alitaja 135 kwa kilo. Nikalalamika. Akafuta jasho, akacheka: "Mama, ukitaka bei ya Uganda, panda gari uende Uganda."

Basi nikapanda gari.

Barabara ya kutoka Nakuru hadi Mau Summit ni ya malori. Ukikaa dirishani utahesabu namba za Uganda na za Rwanda mpaka uchoke. Pale Mau Summit tunaachana nayo: yenyewe yananyoosha kwenda Eldoret na Malaba, sisi wa Kisumu tunakata kushoto kuelekea Kericho. Jirani yangu kwenye matatu, mzee mwenye kofia ya sufu na gunzi la hindi mkononi, aliponiuliza naenda wapi nikamjibu Uganda. "Kwani umetoka wapi?" akasema. "Nakuru nayo ilikuwa Uganda."

Nilidhani ananitania, kumbe ni kweli kabisa. Hadi mwaka 1902 Mkoa wa Mashariki wa Uganda ulianzia hapa kwetu Bonde la Ufa, Naivasha ikiwa ndani yake, ukateremka mpaka Kisumu. Waingereza ndio waliousogeza mpaka, kwa kalamu tu, ili reli yote iwe chini ya utawala mmoja. Mababu walilala Uganda wakaamka kwingine, na hakuna aliyehama hata hatua moja.

Kisumu niliingia alasiri, nikapita soko la Kibuye kwa sababu ni Jumapili, na Jumapili Kibuye inafurika hadi barabarani. Nilitaka omena za kumpelekea shangazi. Mama aliyeniuzia alikuwa na mbuta mmoja mkubwa juu ya meza, mkia unaning'inia nje. "Nyathina, huyu ametoka Uganda," alisema, kama mtu anayetaja ukoo bora. Nikamuuliza kwa nini Kisumu, mji wa ziwa, unanunua samaki kwa jirani. Akanionyesha kidole chake kidogo. Ziwa lote la Victoria, Kenya ina kama asilimia 6 tu. Kubwa lote lililobaki ni la Tanzania na Uganda. Wavuvi wetu wakifuata samaki wanajikuta maji ya wenyewe, boti linakamatwa, nyavu zinakwenda.

Ndipo ikaja Migingo, kisiwa cha ziwani, maana huwezi kuzungumza samaki na mtu wa Kisumu asiitaje. Mwamba usiofika hata ekari moja, umefunikwa kwa mabati, na serikali mbili, yetu na ya Uganda, zimekuwa zikiuvutania, hasa miaka ya 2008 na 2009. Rais Museveni mwenyewe alipata kusema kisiwa ni cha Kenya lakini maji ni ya Uganda. Mama wa samaki alilicheka jambo hilo hadi akakaa chini. "Sasa samaki anaishi kwa kisiwa ama kwa maji?"

Siku ya pili, Jumatatu

Asubuhi nilishuka bandarini kutazama tu. Reli ilifika hapa tarehe 20 Desemba 1901, mahali palipoitwa Port Florence, na ikaitwa Reli ya Uganda kwa haki yake, maana wakati huo hapa palikuwa Uganda. Mizigo ikapakiwa melini kuvuka ziwa. Njia ya garimoshi ya nchi kavu haikufika Kampala hadi 1931.

Baada ya hapo ni matatu ya Busia: Maseno penye kibao cha ikweta ambapo wageni wanapigana picha, Luanda, Yala, Ugunja, Bumala. Nililala usingizi karibu njia yote. Sina la kusimulia zaidi ya kwamba utingo alinirudishia chenji ya mtu mwingine, nami nikairudisha kwa shingo upande.

Shangazi yangu, yaani senge, amekaa mtaa wa Marachi upande wa Kenya tangu aolewe. Anauza sabuni za mche na ndoo za plastiki ng'ambo, Uganda, na anarudi na ndizi au karanga. Msamia halisi, na kwa Wasamia mpaka huu ni jambo la kukatiza katikati ya sebule. Usiku, tukichambua omena, alinikumbusha hadithi anayoipenda kuliko zote: Moody Awori, aliyekuwa Makamu wa Rais wa Kenya tangu 2003, na nduguye Aggrey Awori, aliyegombea urais wa Uganda mwaka 2001 na baadaye akawa waziri huko. Ndugu wawili wa nyumba moja, kila mmoja na serikali yake.

"Sasa, mama," akaniambia, "hao wakikutana matangani, nani anamwonyesha mwenzake kitambulisho?"

Nilipomwambia nimekuja kununua maharagwe mwenyewe alinyamaza kidogo. "Utapitishaje?"

Nikasema nitapita mlango mkubwa, na karatasi. Akatikisa kichwa kwa huruma, vile mtu anavyomhurumia mtoto anayeanza shule.

Siku ya tatu, Jumanne

Kituo cha pamoja cha mpaka cha Busia kilifunguliwa rasmi Februari 2018, Uhuru Kenyatta na Museveni wakiwa pale. Zamani ulikuwa unagongewa upande huu, unatembea, unagongewa tena upande ule. Siku hizi ukitoka Kenya hugongewi chochote upande wa Kenya. Unavuka hadi jengo la Uganda na kuwakuta maafisa wa nchi zote mbili wamekaa kwa foleni, wetu kwanza, wao baadaye. Kitambulisho changu cha taifa kilitosha. Tangu 2014 Kenya, Uganda na Rwanda zinakubaliana vitambulisho vya wananchi wao, pasipoti si lazima. Dakika kumi na kitu hivi nilikuwa ng'ambo.

Huku nje ndiko neno bodaboda lilikozaliwa. Miaka ya 60 kati ya vituo viwili vya mpaka palikuwa na kipande kirefu cha ardhi isiyo ya mtu, kukivuka kwa gari kulitaka karatasi, na vijana wenye baiskeli walikuwa wakiita wasafiri "boda! boda!" kuwavusha kutoka mpaka hadi mpaka. Leo neno limekwenda mpaka Dar es Salaam.

Ila kilichonisimamisha ni baiskeli za magurudumu matatu. Wanaoziendesha ni watu wenye ulemavu wa miguu, wanazungusha pedali kwa mikono, na kiti kimezungukwa na mizigo hadi dereva haonekani: katoni chini, magunia nyuma, dumu pembeni. Nyuma yake wasukumaji wawili, watatu. Nilimtazama mmoja akipanda mteremko mdogo wa lami. Mikono yake ilikuwa minene kama ya mpiga chuma, na kwenye mpini alikuwa amefunga kitambaa chekundu cha kufutia uso. Kila alipofika penye tuta alisimama, akavuta pumzi, akasema neno moja, na wasukumaji wakasukuma kwa pamoja. Miaka mingi imezoeleka kwamba hawa hawasumbuliwi sana na watoza ushuru, kwa hivyo wafanyabiashara wamewakabidhi mizigo yao. Senge ni mteja wao. Nani kaanza kumsaidia nani katika mpango huo, sikuweza kujua.

Mtaa wa Sofia, upande wa Uganda, ndiko niliko­elekezwa. Wauza maharagwe wamekaa chini ya maturubai, magunia yamekunjwa midomo. Mwenye duka nililolipenda aliniita "nyabo" na kunipa kiti kabla ya bei, jambo ambalo brokeri wa Nakuru hajawahi kulifanya. Akanionyesha maharagwe ya madoadoa mekundu, yanafanana na Nyayo yetu.

"Haya ni Nambale."

Nikacheka, maana Nambale ni mji wa Kenya, nusu saa kutoka mpakani. Nikamwambia anauzia watu maharagwe kwa jina la kwetu. Naye hakusita: "Hata wewe nyabo, chapati unayokula kwa mayai ni yetu." Kweli nilikuwa nimeshika ile chapati yao iliyoviringishwa na mayai ndani, wenyewe huiita rolex, mafuta yananitiririka mkononi.

Bei tulikokotana kwa muda. Alianza na 3,100 za Uganda kwa kilo, tukafungia 2,800. Siku hiyo shilingi 1 yetu ilikuwa inabadilishwa kwa 27 zao, kwa hivyo kilo ilinijia kama 104. Toa 104 kwenye 135 ya broka, nikasikia moyo unachezacheza. Nilichukua magunia 4. Gunia lao ni la kilo 100, si 90 kama letu. Shilingi 1,120,000 za Uganda, kwa hesabu yangu 41,480 za Kenya. Kuhesabu milioni kwa mara ya kwanza maishani mwangu kulinipa kiburi kidogo.

Magunia yakalala dukani kwake. Tulikubaliana kesho mapema.

Siku ya nne, Jumatano

Hii ndiyo siku niliyoijia, na ndiyo siku niliyofanywa mjinga.

Hamali wa mkokoteni, 400 kwa magunia yote, alinisukumia hadi eneo la ukaguzi. Ukiwa unaingia Kenya mambo yote yanafanyika upande wa Kenya, hata forodha ya Uganda ina dawati lake huko. Kabla sijafika dawatini akatokea kijana nadhifu, kalamu tatu mfukoni, karatasi kifuani zimeshikwa kwa klipu. Akaniamkia vizuri. Akaniuliza mzigo ni wa shilingi ngapi. Akasema, "Mama, bila cheti cha uasilia hapo watakulipisha kama umetoa mzigo China. Nitakujazia. 1,500, kila kitu ndani."

Nililipa. Alijaza haraka, mwandiko mzuri kuliko wangu, akanielekeza dirisha la tatu, akapotea.

Kwa dirisha la tatu afisa wa kike, mwenye miwani, alitazama fomu kwa muda kisha akaniuliza nani amenijazia. Nikamwambia. Hakushangaa. Alinyoosha kidole ukutani nyuma yangu, na hapo, kwenye karatasi iliyofunikwa plastiki na kukunjika pembe, niliona kwamba hati ile hutolewa bure. Bure. Ni mpango wa wafanyabiashara wadogo wa Jumuiya ya Afrika Mashariki: mzigo usiozidi dola 2,000, bidhaa iwe imezalishwa ndani ya Jumuiya na iwe kwenye orodha waliyoipatana. Mwombaji anajaza fomu yenye jina lake, bidhaa na thamani, forodha wanaigonga muhuri, na mzigo unapita bila ushuru wa forodha. Mzigo wangu haukufika hata dola 400. Na kijana mwenyewe alikuwa ameiandika thamani kwa makosa, kwa hivyo afisa akachukua fomu nyingine akaniambia nijaze upya, pale pale, kwa kalamu yake. Sikuhitaji zaidi ya dakika nane.

Nilikwenda kumtafuta yule kijana. Kwa nini nilidhani atakuwepo, sijui.

Maafisa wa mimea walichoma kila gunia kwa kijiti cha chuma chenye tundu, wakatoa punje, wakazimwaga kiganjani, wakatafuta wadudu na ukungu. Kwa mahindi wangekuwa wakali zaidi. Machi 2021 Kenya ilipiga marufuku mahindi ya Uganda na Tanzania kwa siku chache kwa sababu ya sumukuvu, ile sumu ya ukungu, na iliporuhusu ikaweka masharti: mwagizaji asajiliwe, na kila shehena iwe na cheti kwamba sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Mwenzangu kwenye foleni, mwenye magunia ya mahindi na shati lililolowa jasho, aliniambia tangu wakati huo amezeekea hapa.

Saa tano magunia yangu yalikuwa Kenya kihalali, yamegongwa muhuri, na mimi nikiwa nimeliwa 1,500.

Nilimweleza senge jioni, nikitarajia aseme "si ungeniuliza." Hakusema hivyo. Alikuwa akimenya ndizi, akaacha kisu.

"Bure?"

"Bure, senge. Imeandikwa ukutani."

Miaka 20 na zaidi amevusha sabuni. Njia za panya anazijua zote, pamoja na ile inayopita nyuma ya shule wakati wa mvua. Amewalipa wasukumaji wa baiskeli, amewalipa vijana wanaotangulia kuangalia kama kuna askari, na mara mbili amepoteza mzigo wote. Dirisha la tatu hajawahi kulikaribia. "Karatasi," alisema, "tulijua ni za wenye malori." Kisha akaendelea kumenya, na hatukuizungumza tena. Nilitazama mikono yake tu. Mimi nilipoteza 1,500 mara moja. Yeye amepoteza ngapi?

Usiku ule alinisimulia Desemba ya 1987, polisi wa Kenya na wanajeshi wa Uganda waliporushiana risasi hapa Busia na mpaka ukafungwa. Alikuwa binti. Walilala chini ya kitanda siku mbili, na dada ya mama yake alikuwa upande wa pili, chini ya kitanda chake.

Siku ya tano, Alhamisi

Magunia niliyaacha kwa senge nikaenda Malaba, kisha Bungoma. Malaba haikunivutia. Ni malori, vumbi, hoteli za chai na madereva wanaosubiri. Aprili na Mei 2020, wakati wa korona, madereva walipimwa mpakani na foleni ikarudi nyuma kwa makumi ya kilomita. Mwenye hoteli aliniambia alichemsha chai usiku na mchana, akajenga nyumba.

Sababu ya kwenda Bungoma ni moja: Chepkube. Baba alikuwa akilitaja jina hilo utotoni kama watu wanavyotaja Ulaya. Kupitia Chwele na Sirisia unateremka kuelekea Lwakhakha, Mlima Elgon ukiwa umekuinamia kulia kwako, mawingu yamemkaa shingoni.

Julai 1975 baridi kali iliua kahawa ya Brazil, na bei ya dunia ikapaa. Uganda ilikuwa mikononi mwa Idi Amin. Mkulima wake alilazimika kuuzia serikali kwa bei ya chini, alipwe noti zisizonunua kitu. Ng'ambo ya mto, Kenya, kahawa ile ile ilikuwa pesa taslimu. Basi ikavuka. Kwa punda, kwa vichwa, kwa baiskeli, usiku na baadaye hata mchana, na soko lake likawa Chepkube. Hiyo ndiyo biashara watu wa umri wa baba waliita magendo bila aibu yoyote. Na ni Amin huyo huyo aliyedai Februari 1976 kwamba sehemu kubwa ya Kenya magharibi ni ya Uganda, kwa sababu ya ile kalamu ya 1902. Alidai ardhi huku kahawa yake ikimtoroka kwa miguu.

Leo Chepkube ni senta ya kawaida. Maduka, kinyozi, mama wa mandazi. Mzee mmoja wa Kibukusu, aliyekalia kigogo cha mti, alikubali kunionyesha palipokuwa na mizani. "Hapa," alisema, akapiga fimbo chini mara mbili. Kuna nyasi tu na mfereji wa maji. Alikuwa mbeba magunia. Nikamuuliza kama alitajirika. "Waliotajirika walikuwa wenye mizani, mama. Mbebaji anapata mgongo." Aliushika mgongo wenyewe kama ushahidi.

Aliniambia pia kwamba mpaka hauwasumbui sana upande huu. Wabukusu na Wagisu ni watu wa tohara moja, na mwaka wa imbalu, ambao kwao wote ni mwaka wa tarakimu shufwa, vijana wanavuka mto na njuga zao, chinyimba, mikononi, kuwaalika wajomba. "Umeona mjomba akiulizwa kitambulisho?" Nilifikiria akina Awori. Swali hili wanalo wote huku.

Siku ya sita, Ijumaa

Busia hadi Nakuru na magunia 4 juu ya basi, 500 kila moja. Nilifika usiku. Nilipima kabla ya kula: 98, 99, 97, 99. Kilo 7 zimepotelea njiani, kwa ule mchomo wa chuma, kwa mshono uliolegea, na labda kwa mwenye mizani, kama alivyosema mzee.

Hesabu: ununuzi 41,480, hamali 400, kijana wa kalamu tatu 1,500, usafirishaji 2,000, nauli yangu ya kwenda na kurudi 2,600. Inakuja 47,980. Kwa broka ningelipa 54,000. Nimeokoa 6,020, ukiondoa kilo 7 zinabaki 5,000 na ushee, na kibanda kilifungwa siku 6. Broka si mwizi kama nilivyodhani. Ila si mtakatifu pia, maana yeye halipi kijana yeyote, na magunia 4 kwake ni ya kukalia.

Nilikuwa bado na viatu simu ilipolia. Ilikuwa senge, saa nne za usiku, saa ambayo huwa amelala.

"Mama, ile fomu. Sabuni ya Kenya ikienda Uganda, nayo inajazwa?"

Nikasema nadhani ndiyo, ilimradi imetengenezwa huku na iko kwenye orodha, aulize dirishani.

"Dirisha la ngapi?"

"La kwangu lilikuwa la tatu. La kwako litakuwa ng'ambo."

Akanyamaza. Nilisikia redio nyuma yake, kituo cha Uganda.

"Na hapo kwa jina," akauliza, "naandika langu, ama la mwenye baiskeli?"